Dakika Nne kwa Mtoto Mmoja: Tathmini ya Darasa la Mchana la Ipagala

Kwa muda wa miezi saba nimekuwa nikimpeleka mjukuu wangu, ambaye sasa yuko darasa la pili, kwenye darasa dogo la masomo ya ziada lililopo Ipagala, hapa Dodoma. Darasa hilo halina kibao wala jina la biashara. Wazazi wa mtaani hulitaja tu kuwa ni "kwa Madamu". Wazazi kadhaa wanaoniona nikisubiri pale nje, chini ya mwarobaini, wamekuwa wakiniuliza kama fedha inayolipwa inalingana na kile mtoto anachokipata. Swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri kwa maneno mawili ya njiani, kwa hiyo nimeona niliandikie kwa kirefu.

Msomaji anastahili kujua naandika nikiwa nani. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 31 kuanzia mwaka 1987, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na darasa la kwanza na la pili, Kondoa na baadaye upande wa Bahi. Nimefundisha kusoma kwa irabu, kwa silabi, kwa nyimbo na kwa kadi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni. Pamoja na hayo yote, mjukuu wangu mwenyewe ninayeishi naye alikaa miezi minane shuleni bila kujua kusoma, na mimi sikugundua. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya niithamini huduma hii kuliko ambavyo ningeithamini kama ningeisikia tu kwa jirani.

Ripoti ya mwezi wa sita, alipokuwa darasa la kwanza, ilionyesha kuwa alikuwa wa 71 kati ya wanafunzi 96, na katika nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa paliandikwa "Aongeze bidii". Sikumlaumu mwalimu yule, na hata leo simlaumu, kwa kuwa maneno hayo hayo nimeyaandika mimi kwenye ripoti za mamia ya watoto wa watu. Mwalimu mwenye ripoti 96 za kujaza kwa usiku mbili au tatu hana maneno mengine ya kuandika. Lakini mzazi anayepokea ripoti ya namna hiyo anabaki na swali lisilo na pa kushika: mtoto aongeze bidii katika jambo gani hasa? Amekwama wapi?

Tulianza kwa kujaribu tuisheni nyingine, ambayo sitaitaja. Ilikuwa sebule ya nyumba yenye watoto wapatao 40 wa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, wakiwa wamekaa sakafuni kwa kubanana, na mwalimu mmoja kijana aliyeandika hesabu ubaoni na kuwataka wanakili. Daftari la mjukuu wangu lilirudi nyumbani limejaa vema za kalamu nyekundu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu majibu yote yalikuwa yamenakiliwa kutoka ubaoni. Tulikaa pale miezi miwili. Kwa hesabu yangu, nilikuwa nimemtoa mtoto kwenye darasa la watu 96 na kumwingiza kwenye darasa la watu 40, nikalipia mabadiliko hayo, na katika sehemu zote mbili hapakuwa na mtu mzima aliyekuwa amemsikiliza akisoma peke yake.

Siku ya kwanza tulipofika kwa Madamu ilikuwa Jumatano ya mwezi wa tisa, upepo wa kiangazi ukisukuma vumbi jekundu hadi ndani. Darasa lenyewe ni chumba kimoja cha uani kilichoezekwa kwa bati, chenye mikeka miwili, ubao mdogo unaoegemezwa ukutani, na rafu ya mbao iliyojaa makopo. Mwalimu ni mama wa makamo aliyewahi kufundisha shule ya msingi. Aliponiamkia "shikamoo mama" na kunikaribisha kiti, nilitegemea kwamba ataniuliza mtoto yuko darasa la ngapi na kunitajia malipo. Badala yake aliniomba nikae kimya, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mtoto usawa wa macho yake, na kumpa kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza.

Mjukuu wangu alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Alisoma kwa sauti ya juu yenye mahadhi ya darasani, na mimi nikaona fahari, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akinisomea nyumbani kila jioni. Madamu hakusema kitu. Aliifunika picha kwa kiganja na kumwomba asome tena. Safari hii mtoto alisoma taratibu na maneno mawili akayabadilisha. Kisha Madamu akaweka ncha ya penseli chini ya neno lililokuwa katikati ya mstari na kuuliza, "Hili ni neno gani?" Mtoto alilitazama, halafu akarudisha kidole mwanzo wa mstari na kuanza kusoma upya hadi alipolifikia. Akaulizwa lingine, akafanya vivyo hivyo.

Hapo Madamu aliweka kitabu pembeni na kuchukua kopo lenye kadi za silabi, kila kadi ikiwa na silabi moja. Alimwonyesha "bo". Mtoto alinyamaza. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka pale, na niliona midomo yake ikitembea bila sauti: ba, be, bi, bo. "Bo," akasema kwa sauti. Akaonyeshwa "mu", na midomo ikatembea tena, ma, me, mi, mo, mu, huku vidole vya mkono wa kushoto, alivyovificha chini ya paja, vikikunjwa kimoja kimoja. "Mu." Alikuwa amepata zote. Katika darasa lolote nililofundisha mimi ningempa vema na kuita mwingine.

Madamu aliandika mistari miwili kwenye daftari dogo la kurasa 32, nami baadaye aliniruhusu niisome: "Anajua wimbo. Hajui silabi ikiwa peke yake. Aanze na b, m, k." Nilitazama saa ya ukutani. Zoezi zima lilikuwa limechukua dakika nne hivi, na katika dakika hizo nne nilielezwa jambo ambalo miezi minane ya shule, miezi miwili ya tuisheni na miaka yangu 31 ya chaki havikuniambia.

Huduma yenyewe ni hiyo, na yaliyobaki ni utaratibu wa kuiendesha. Ada ni shilingi 45,000 kwa mwezi kwa siku tatu za wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa nane mchana hadi saa tisa na nusu. Kundi la mjukuu wangu lilipoanza lilikuwa na watoto sita. Ukigawa dakika 90 kwa watoto sita, kila mtoto anaweza kupata dakika 15 za mwalimu akiwa naye peke yake, ingawa kwa vitendo Madamu hagawi sawa; kuna siku mtoto mmoja hupata dakika 25 na mwingine tano, kulingana na kilichoandikwa kwenye madaftari yao siku iliyotangulia.

Mtu asiyewahi kufundisha watoto wadogo anaweza kudhani kwamba ugumu uko kwa yule mtoto mmoja anayehudumiwa. Ugumu uko kwa wale watano waliobaki. Mtoto wa miaka saba akiachwa dakika kumi bila kazi, atamchokoza jirani yake, ataomba kwenda chooni, au atalala. Na mwalimu anayelazimika kugeuka kila mara kukemea hawezi kumsikiliza yeyote. Katika jambo hili ndipo nilipouona ustadi wa kweli wa Madamu, na ningependa walimu wenzangu waliopo kazini wautazame kwa makini.

Kila mtoto ana kopo lake lenye alama ya rangi. Ndani ya kopo huwa mna kazi ya siku hiyo, iliyoandaliwa kabla watoto hawajafika, na kazi hiyo ina sharti moja: lazima iwe ni jambo ambalo mtoto tayari anaweza kulifanya mwenyewe, ila bado halijawa jepesi. Anayejifunza kujumlisha huwa na vifuniko vya soda na kadi za hesabu zenye jibu nyuma, ili ajisahihishe. Anayejifunza silabi huwa na kadi za kuoanisha na picha. Anayeanza kusoma sentensi hupewa sentensi iliyokatwa vipande aipange. Jambo jipya halifundishwi kupitia kopo. Jambo jipya hufundishwa pale kigodani, mtoto akiwa na mwalimu. Niliwahi kumwuliza kwa nini asimwekee mwanafunzi mwepesi kazi ngumu kidogo ajaribu mwenyewe, akanijibu, "Mama, akikwama ataniita, na akiniita nitamwacha huyu niliye naye. Kazi ya kopo ni ya kumfanya asinihitaji." Nimefundisha miaka mingi bila kuwahi kulitamka jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Madaftari nayo yanastahili kusemwa. Kila mtoto ana lake, na kila baada ya kipindi Madamu huandika mstari mmoja au miwili: alichokosea, namna alivyokosea, na kitakachofuata. Haandiki alama. Niliposoma daftari la mjukuu wangu baada ya mwezi mmoja niliweza kuifuata safari yake yote kama mtu anavyofuata nyayo kwenye mchanga: wiki ya kwanza kadi za b, m na k zilizochanganywa, bila kuruhusiwa kuimba, wiki ya pili "ameacha kukunja vidole kwa b na m, k bado", wiki ya tatu "anasoma baba, mama, kuku, kaka, kwenye kabati ameishia kaba", wiki ya nne "mb na nd bado, anazisoma kama herufi mbili". Ukiwa na maandishi kama hayo, hata wewe bibi wa nyumbani unajua la kufanya jioni.

Faida nyingine niliiona kwa mtoto ambaye si wangu. Kulikuwa na msichana aliyeletwa kutoka kijijini, upande wa Chamwino, kukaa na shangazi yake, na kila mtu alimhesabu kuwa mzito wa kuelewa. Mwanzoni tulidhani shida ni lugha, kwa kuwa nyumbani kwao walizungumza Kigogo. Madamu, ambaye anakijua Kigogo, aliwahi kuingia darasani na kuwasalimu watoto wote "Mbukwenyi", na yule binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Lakini baada ya siku chache pale kigodani aligundua kwamba mtoto hugeuza kichwa kila anapoulizwa, akileta sikio la kulia. Sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha. Shangazi aliambiwa ampeleke hospitali, akatibiwa, na akaombewa shuleni nafasi ya kukaa mbele. Darasani kwake alikuwa ameketi safu ya nyuma muhula mzima. Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya. Kutoka ubaoni hadi safu ile ya nyuma kulikuwa na madawati yaliyojaa watoto watatu watatu, na mtoto anayenyamaza huko nyuma huonekana kuwa mtoto mtulivu.

Ninaposema hivi sitaki mtu achukue maneno yangu kuzisema vibaya shule za serikali. Naomba tufanye hesabu pamoja. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Zigawe kwa watoto 96, na hata kama mwalimu hatafundisha chochote, hataita majina na hatasahihisha, kila mtoto atapata sekunde zisizofika 19. Kiwango kilichowekwa kitaifa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi na 25 katika darasa la awali. Kwa watoto 45, ni sekunde 40. Zoezi la dakika nne alilofanyiwa mjukuu wangu halimo humo, hata kwa darasa linalotimiza kiwango.

Namna madarasa yalivyofurika nimeishuhudia mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza ni ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka uliofuata. Nilipokea darasani watoto wa miaka saba pamoja na wa miaka 11 waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa ada. Mara ya pili ni Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 kuondoa ada na michango iliyokuwa imebaki. Mwaka huo nilikuwa na watoto 107 katika chumba kimoja. Nilifurahi kuwaona, na nitaendelea kufurahi, kwa kuwa wengi wao wasingefika shuleni kabisa. Kwa upande wa jiji letu limeongezeka jambo la tatu, yaani serikali kuhamia hapa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000 katika Jiji. Madarasa mengi yamejengwa, na tunayaona kwa macho yetu, lakini watoto wa Nzuguni, Ilazo, Kisasa na Nkuhungu wanaongezeka kwa kasi ambayo matofali na ajira za walimu vinaihangaikia.

Kati ya wale 107 alikuwamo mvulana mmoja ambaye sura yake haijanitoka. Alipiga kelele za silabi kuliko wote, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na alipofika darasa la tatu mwalimu wake alinijia kuniuliza ilikuwaje nikampandisha mtoto asiyejua kusoma. Nilikataa kuamini. Siku ile kwa Madamu, nilipoona midomo ya mjukuu wangu ikitembea, nilielewa yule mvulana alikuwa akifanya nini muhula mzima mbele ya macho yangu, na nilitoka nje kwa muda kabla sijaweza kurudi kuzungumza habari ya malipo.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kupunguza tu idadi ya watoto darasani. Utafiti unaotajwa sana katika jambo hili ni ule wa jimbo la Tennessee, Marekani, ulioanza mwaka 1985, ambao uliwafuatilia watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tatu na kuonyesha kwamba waliosoma katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu. Lakini mwalimu wa Tanzania anayesoma takwimu zake anashtuka anapokuta kwamba darasa "dogo" lilikuwa la watoto 13 hadi 17, na darasa "kubwa" walilolilinganisha nalo lilikuwa la watoto 22 hadi 25. Darasa lao kubwa ndilo letu la awali pale linapotimiza kiwango. Tukisubiri hadi tuwe na madarasa ya watoto 15 ndipo tuanze kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, wajukuu wa wajukuu zetu watakuwa wamezeeka.

Mimi huvutiwa zaidi na kazi ya Pratham, shirika la elimu la nchini India, iliyochunguzwa na wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao mwaka 2019 walishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Kremer. Pratham hawakupunguza idadi ya watoto darasani. Waliwapima watoto wa madarasa ya tatu hadi ya tano kwa zoezi fupi la mdomo, mtoto mmoja mmoja, kisha kwa saa moja au zaidi kila siku wakawapanga upya kulingana na wanachokiweza, bila kujali umri wala darasa, hivi kwamba wasiojua herufi wanakaa pamoja na wanaosoma maneno wanakaa pamoja. Nikilitazama darasa la Ipagala naona kwamba nguvu yake inatokana na zoezi kama hilo la mdomo na kopo linalolingana na mtoto, kuliko inavyotokana na udogo wa chumba.

Ndiyo maana mwezi wa kumi na moja nilichukua daftari la mjukuu wangu, kwa ruhusa ya Madamu, nikampelekea mwalimu wake wa darasa. Nilikwenda kwa unyenyekevu, kwa kuwa najua namna mwalimu anavyojisikia mzee mstaafu anapoingia ofisini na maoni. Alilisoma lote akiwa amesimama. Kisha akasema, "Bibi, mimi nina 96." Nikamwambia asijaribu wote, awasikilize watano kwa siku, wakati wengine wananakili zoezi, dakika mbili kila mmoja, kwa kadi zilizochanganywa, na aandike mstari mmoja tu. Watoto watano kwa siku ni siku 20 za shule kwa watoto 96, yaani mwezi mmoja. Alianza Januari. Nimemwona akiwa na daftari kubwa la kaunta lenye mistari hiyo, na safari hii ripoti ya mjukuu wangu ilisema kwamba "bado anachanganya ng na ng'". Sijawahi kupokea ripoti ya shule iliyonifurahisha kiasi hicho.

Sasa niseme upungufu wa huduma hii, kwa kuwa upo, na mmoja ni mkubwa. Tangu Januari kundi letu limeongezeka kutoka watoto sita hadi 11. Sifa zimeenea, wazazi wamekuja na watoto wakiwa wamewashika mkono, na Madamu hana moyo wa kumrudisha mtoto. Namwelewa. Lakini dakika 90 kwa watoto 11 ni dakika nane kila mmoja, na nimeshaona matokeo yake: mistari ya kwenye daftari imekuwa mifupi, na kwa siku mbili tofauti mwezi wa pili hapakuandikwa kitu. Ada haikupungua. Mzazi anayelipa shilingi 45,000 analipia sikio la mwalimu huyu. Kila mtoto anayeongezwa bila kuongezwa mwalimu anachukua sehemu ya sikio hilo.

Chumba chenyewe ni kizuri wakati wa baridi na kigumu nyakati nyingine. Mvua ilipokuwa ikinyesha, kelele za bati zilifanya mazoezi ya kusoma kwa sauti yasiwezekane, na siku mbili tatu kipindi kiligeuka kuwa cha hesabu za kimya. Kwenye jua kali la mwezi wa kumi watoto walisinzia. Dari la plaiwudi lingesaidia katika yote mawili. Mwandiko pia hautiliwi mkazo wa kutosha. Mjukuu wangu anasoma vizuri, lakini herufi zake bado zinapanda na kushuka nje ya mistari, na nilipolisema jambo hilo niliambiwa kwamba linafuata baadaye. Kiingereza hakifundishwi kabisa, jambo ambalo mimi kwa umri huu naliona ni sahihi, ingawa wapo wazazi ambao hawataridhika.

Kuna jambo jingine ambalo halikunijia akilini kabla, na ambalo kila mzazi anayetafuta mwalimu wa karibu kwa mwanawe anapaswa kulijua. Baada ya miezi mitatu ya kusikilizwa kwa makini, mjukuu wangu alianza kukataa kufanya kazi akiwa peke yake. Nyumbani alikuwa akifungua daftari, kisha ananitazama: "Bibi, kaa hapa." Nikikaa, anafanya yote bila kuuliza hata neno moja, nikiondoka kwenda jikoni, kalamu inasimama. Shuleni naye mwalimu alisema kwamba anasubiri aitwe. Nilipomweleza Madamu, hakushangaa. Alisema kwamba mtoto aliyezoeshwa kigoda lazima aachishwe kigoda, kama anavyoachishwa ziwa, taratibu na kwa siku maalumu. Kwa majuma manne alimweka mbali kidogo kidogo, kwanza mwisho wa mkeka, kisha karibu na mlango, akiwa na kopo lake na ruhusa ya kuita mara moja tu kwa kipindi. Wiki ya kwanza alilia. Wiki ya tatu alisahau kuitumia ile ruhusa. Naona kwamba mwalimu asiyejua kumwachisha mtoto hafai kumkalia karibu, na ningemshauri mzazi aulize jambo hilo mapema kuliko anavyouliza habari ya ada.

Kwa nani inafaa? Mtoto wa darasa la awali hadi la pili ambaye amekwama na haijulikani amekwama wapi, atanufaika sana, na nadhani miezi mitatu hadi minne inatosha kwa wengi. Mtoto anayesoma vizuri tayari, ambaye mzazi anamtafutia nafasi ya kwanza darasani, atapoteza muda pale, kwa kuwa hakuna mitihani ya majaribio wala mashindano. Mtoto wa darasa la nne anayejiandaa na upimaji wa taifa atafutiwe mahali pengine, isipokuwa kama bado hajui kusoma. Akiwa hajui, basi apelekwe pale haraka, na asionewe aibu kukaa mkekani na wadogo zake.

Mjukuu wangu sasa anasoma hadithi fupi na kuisimulia kwa maneno yake. Jumamosi iliyopita tulikwenda soko la Majengo kununua mtama, na njiani alikuwa akisoma mbao za maduka kwa sauti, akirukia maneno ya katikati bila kuanzia mwanzo wa mstari. Alikwama kwenye "ng'ombe" katika bucha moja, akasimama, watu wakampita, akakaa nalo hadi akalipata. Vidole vyote vilikuwa kwenye mpini wa kikapu.

Nimelipa ada hadi mwisho wa mwezi wa sita. Nilipokuwa nikilipa nilimwambia Madamu waziwazi kwamba nitaendelea iwapo kundi litarudi kuwa la watoto sita, au wasiozidi saba, hata kama ada itapanda kwa shilingi 5,000. Alinionyesha chumba cha pili upande wa jikoni, ambacho fundi alikuwa akikitia sakafu, na akasema kwamba binti mmoja mwenye cheti cha ualimu anayesubiri ajira ataanza Jumatatu ijayo na watoto watano. Nitakwenda siku hiyo kumtazama akifanya zoezi la kadi, na wazazi watakaotaka kujua nimeonaje watanikuta pale pale chini ya mwarobaini.